Muhuri Uliouawa

Sehemu ya Tisa

Penseli ilikuwa bado mkononi mwa Fundi pale tulipomwacha, msomaji.

Fundi alikuwa ameisugua ile karatasi nyeupe kwa ubavu wa penseli, polepole, kama anavyofanya kila siku anapotaka kusoma mchongo uliofifia. Karatasi ilikuwa tupu. Mteja alikuwa ameufungia muhuri wake humo, basi. Lakini mtu fulani mwenye mkono mzito alikuwa ameitandika chini ya fomu alipokuwa akiijaza, na kila herufi ya kalamu yake ilizama hadi huku chini. Sasa zilikuwa zinaibuka moja moja, nyeupe ndani ya weusi.

Jina la marehemu: majina matatu ya mama yake mzazi.

Tarehe ya kifo: leo.

Akasoma tena. Leo. Si jana, si mwezi uliopita. Ilikuwa saa nne asubuhi, na saa mbili tu zilikuwa zimepita tangu mama huyohuyo amsindikize mlangoni huku akimgombeza kwa kuacha chai nusu kikombe.

"Fundi!" sauti ikaita kutoka mbele ya duka. "Mbona kimya? Umelala au umekufa?"

Fundi akashtuka mwili mzima.

"Niko, bosi." Sauti ilimtoka nyembamba kama ya kuku aliyekabwa. Akakohoa. "Natafuta patasi ndogo."

"Itafute upesi. Nimesema kabla ya saa sita."

Kwa wewe unayeungana nasi leo: mwenye sauti hiyo Fundi amembandika jina la Bwana Glavu, kwa sababu ya glavu nyeusi ya mkono wa kushoto ambayo haivui hata jua likiwaka vipi. Aliingia asubuhi hiyo, akaweka juu ya kaunta muhuri wa shaba, mpana kama kifuniko cha kopo la maziwa, akasema una hitilafu ndogo.

Hitilafu ndogo! Fundi aliugeuza mara moja tu akajua ameshika maiti.

Ofisi ikibadilisha muhuri wake, ule wa zamani hauachwi hivihivi. Huitwa fundi, huitwa karani wa masijala awe shahidi, na fundi huutia mkato mmoja wa msumeno, kutoka ukingo hadi ukingo. Wenyewe husema: kuua muhuri. Tangu hapo, popote utakapogongwa utaacha mstari mweupe katikati ya wino, na karatasi hiyo itafaa kufungia misumari tu.

Huu uliuawa miaka kumi na moja iliyopita. Aliyeukata alikuwa baba yake Fundi, Mungu amrehemu. Karani aliyetia saini ya ushahidi alikuwa mama yake.

Na sasa mtu alikuwa ameuziba ule mkato kwa lehemu, akaurudisha muhuri duniani, akaugonga kwenye hati mpya za nyumba ishirini za mtaa mmoja. Familia ishirini zimeambiwa zihame. Jumatatu mama alikuwa aende mahakamani kusema jambo moja tu: muhuri huu niliuona ukifa.

Kumbe Bwana Glavu na wenzake hawakuwa na mpango wa kumfikisha Jumatatu.

Fundi akaikunja karatasi mara nne, akaisukuma ndani kabisa ya mfuko wa aproni. Simu! Akapapasa meza. Akapapasa rafu. Akakumbuka. Simu alikuwa ameiacha kule mbele, juu ya kaunta.

Akalisogeza pazia.

Bwana Glavu alikuwa ameketi kwenye benchi, mguu juu ya mguu, kiwiko juu ya kaunta. Simu ilikuwa shubiri moja kutoka kwenye kiwiko hicho.

"Naomba simu yangu, bosi. Nataka tochi yake."

"Tochi, mchana huu?"

"Mchongo wenyewe mdogo."

Akaisukuma kwa kidole kimoja cha glavu, bila haraka, kama mtu anayecheza na paka. Kabla haijamfikia Fundi, simu ikaanza kutetemeka, ikizunguka juu ya mbao kama mende aliyepinduliwa.

Kwenye kioo palikuwa na neno moja. MASIJALA.

Ndivyo Fundi alivyomwandika mama yake, kwa utani. Mwanamke yule amestaafu miaka mitano, lakini hadi risiti ya ufagio ameipa namba ya jalada.

Bwana Glavu hakujua utani huo. Aliinua nyusi.

"Masijala? Wanataka nini kwako?"

"Wateja tu. Wana mihuri yao hapa."

"Pokea."

"Nitawapigia baadaye."

"Nimesema pokea." Alitabasamu kwa midomo, macho yakabaki palepale. "Tena weka sauti ya nje. Napenda sana habari za maofisini."

Fundi akabonyeza.

"Masijala, habari za kazi?"

Tangu ajue kutamka, msomaji, binti huyu hajawahi kumsalimia mama yake bila shikamoo. Hata ile wiki waliyogombana juu ya mchumba muuza betri, hata wakiwa hawasemeshani, shikamoo ilitolewa na marahaba ikaitikiwa, kila mtu akitazama ukuta wake. Leo habari za kazi?

Akangoja kusikia: "We mtoto, umelewa?" Neno hilo tu lingewamaliza wote wawili.

"Nzuri, Fundi," ikaja sauti.

Haikuwa sauti ya mama. Ilikuwa sauti ya dirisha namba tatu: kavu, ya puani, sauti ambayo kwa miaka thelathini iliwaambia watu warudi kesho.

"Tunauliza mzigo wetu."

Fundi nusura alie. "Bado haujawa tayari. Msije leo."

"Sisi tumeshatoka. Asubuhi wamekuja wakaguzi wawili na gari, nyuso hatuzijui. Tukawaambia wakae sebuleni..." Sauti ikasita. "Wakae mapokezi, tukatafute kitambulisho. Tukatokea mlango wa nyuma."

"Mmefanya vizuri. Lakini hapa dukani msije. Nina kazi ya haraka ya mteja mkubwa, yupo hapa ananisubiri. Mmenielewa? Yupo hapa."

"Tumekuelewa, Fundi. Fanya kazi yako kwa utulivu."

Simu ikakatika.

Bwana Glavu alikuwa anautazama ukucha wa kidole gumba cha mkono wake wa kulia.

"Masijala gani hiyo yenye sebule?"

"Ofisi yao inakarabatiwa. Wamehamishiwa kwenye nyumba ya kupanga." Akajishangaa uongo ulivyomtoka laini. "Wanasema hata choo cha kuvuta maji hakifanyi kazi."

Jamaa akacheka. Kicheko kilikuwa hakijaisha, simu yake mwenyewe ikalia. Akasikiliza. Kicheko kikafa usoni, kipande kwa kipande.

"Amewatoroka? Bibi wa miaka sitini na tano amewatoroka ninyi, wanaume wawili na gari?" Akasikiliza tena. "Hapana. Msirudi. Njooni huku, mzunguke mtaa huu. Kwa nini? Kwa sababu nimesema."

Akazima. Akaandika ujumbe mfupi. Kisha akasimama, akaenda mlangoni, akakigeuza kile kibao cha kadibodi kilichoandikwa TUMEFUNGA kikatazama nje, akasukuma komeo.

"Baridi kidogo," akasema.

Jua lilikuwa linaunguza mabati.

"Twende huko nyuma, Fundi. Nataka kuona kazi ikifanyika."

Chumba cha nyuma kilikuwa cha kutosha watu wawili wanaopendana, si zaidi. Meza ya baba chini ya dirisha la uchochoroni. Jiriwa la chuma. Patasi kumi na nne zimepangwa kwa unene, taa ya spiriti, kopo la nta. Chini ya meza, gizani, kulikuwa na kigoda kimoja kifupi ambacho marehemu baba hakuruhusu mtu akikalie, wala hakusema kwa nini.

Bwana Glavu akainama, akakivuta hicho kigoda bila kukitafuta, akakaa.

Fundi aliona. Lakini moyo wake ulikuwa umejaa mama hata hakupata nafasi ya kulitafakari jambo la kigoda.

"Anza."

Akaubana muhuri kwenye jiriwa. Ulimtazama kama jicho. Ukingoni palikuwa na ile kamba maarufu ya baba yake, nyuzi sabini na mbili zilizosokotwa, kila uzi mwembamba kuliko unywele wa kope. Lehemu ilikuwa imepita juu ya kamba sehemu mbili na kuacha makovu. Barua ya kumdanganya bibi kizee inaweza kupita na makovu hayo. Karatasi ya kifo itakayowekwa mbele ya hakimu haiwezi. Ndiyo maana walihitaji mkono uliofundishwa na mkono ule wa kwanza.

Fikiri, akajiambia. Fikiri, we mwanamke.

Akilifanya jambo hili sawasawa, karatasi itagongwa na mama atakuwa amekufa kiofisi. Baada ya hapo, nani atamtafuta mtu aliyekwisha kufa? Akikataa, mlango umefungwa na mtu huyu ana upana wa kabati.

Macho yake yakatua kwenye kopo la nta.

Fundi wa mihuri hachongi shaba kabla mteja hajaona mfano. Huchanganya nta, utomvu na unga wa shaba, hujaza, huchonga juu yake, hugonga karatasi mteja aone. Mchanganyiko huo ukipoa una rangi ya shaba na ugumu wa mfupa. Lakini una ukomo wake. Ukigongwa mara moja, safi. Mara ya pili, safi. Mara ya tatu nta hupasuka na kutoka yote.

Mara ya tatu.

"Lehemu hii ni mbovu," akasema, na mara hii sauti ilimtii. "Aliyeitia hakuwa fundi. Lazima niing'oe, nijaze upya."

"Kwa nini usiichonge hivyohivyo?"

"Itamomonyoka chini ya patasi. Utaona aibu nayo mbele ya watu wako."

"Ing'oe," akasema Bwana Glavu.

Akaing'oa. Mkato wa baba ukafunguka mbele yake, mnyoofu, mweusi, haujazeeka hata siku moja. Akawasha taa ya spiriti. Nta ikayeyuka, ikanuka asali iliyoungua. Alitia unga wa shaba, akakoroga, akamimina. Bwana Glavu alikuwa karibu kiasi kwamba pumzi yake ilimgusa sikio.

"Nini hicho?"

"Kijazio."

"Kina nguvu?"

"Baba alitumia hikihiki."

Hakuwa amesema uongo. Akashika patasi nambari tatu na kuanza kuzisokota nyuzi upya, na jasho lilimtiririka mgongoni likikusanyika kiunoni kwenye fundo la aproni. Uzi wa kwanza. Wa pili. Nje mtu alipita akipiga mluzi, akaenda zake. Gari likapita polepole sana. Likarudi. Likapita tena.

Mama, usije, aliomba. Nenda kwa wakili, nenda sokoni, nenda popote, ila huku usije.

Saa sita kasorobo akaupuliza muhuri, akaubonyeza kwenye wino, akaugonga juu ya kipande cha karatasi.

Mviringo ukatoka wote. Kamba nyuzi sabini na mbili. Hakuna kovu, hakuna mstari. Maiti amesimama, anatembea.

Moja, Fundi akahesabu kimoyomoyo.

Bwana Glavu akaitazama kwa kioo cha kukuzia, kwa muda mrefu. Kisha akauchukua muhuri kwa mkono wa kulia, akagonga mwenyewe, kwa nguvu, hadi patasi zikaruka.

Safi.

Mbili.

"Kama siku ulipozaliwa," akanong'ona. Ilikuwa sauti ya mtu anayemwona jamaa yake wa zamani. "Nirudishie karatasi niliyoufungia."

Fundi akaganda. Karatasi ilikuwa kwenye aproni, nyeusi kwa penseli, ikimchoma paja kama kaa la moto. Lakini duka la mihuri halikosi karatasi tupu. Akachomoa moja rafuni, akaikunja, akampa.

Jamaa akaipokea. Akaipapasa kona. Akaitia mfukoni bila neno.

Kisha akatoa fomu kutoka ndani ya koti na kuiweka juu ya meza, akailainisha kwa kiganja.

Mwandiko ulikuwa uleule mzito. Jina la mama. Tarehe ya leo. Na chini, pale ambapo Fundi alikuwa hajafika kwa penseli yake, palikuwa na mstari mwingine. Mtoa taarifa za kifo: binti wa marehemu. Halafu jina lake yeye. Lote, bila kukosea herufi.

Bwana Glavu akamsogezea kalamu.

"Weka saini hapo."

"Mama yangu yu hai."

"Ndiyo," akasema Bwana Glavu kwa upole. "Bado."

"Wewe ni mtu gani?"

"Mtu wa kufuata utaratibu. Karatasi hutangulia, mwenyewe hufuata. Weka saini, dada. Jumatatu utakuwa msibani, watu watakupa pole, hakuna atakayekuuliza habari za muhuri. Usipoweka, nitaandika fomu ya pili. Unataka nijaze jina la nani?"

Kalamu ilikuwa mbele yake. Akili ya Fundi ilikuwa imeganda kwenye neno moja tu. Tatu. Agonge sasa hivi. Agonge hii, nta ipasuke, mstari wa baba uonekane.

"Gonga kwanza," akasema. "Ukishagonga, nitasaini."

Lo!

Hapo ndipo hofu ilipomponza. Hata mwanafunzi wa wiki moja katika kazi hii anajua: saini kwanza, muhuri mwisho. Muhuri ndio unaofunga mlango. Hakuna fundi, hakuna karani, hakuna mtu aliyekulia katika wino anayeomba igongwe karatasi isiyo na saini.

Mkono wa Bwana Glavu ulibaki hewani.

"Gonga kwanza?"

Fundi akaivuta kalamu karibu.

"Una haraka gani na kifo cha mama yako?"

Akauweka muhuri mezani. Taratibu, kidole baada ya kidole, akaivua glavu ya kushoto.

Hapakuwa na vidole vya kuhesabu. Kulikuwa na gumba na kidole kidogo, na katikati yake kovu la moto, jekundu, linalong'aa kama nta. Akautandaza ule mkono juu ya muhuri. Kwa ukucha wa gumba akapita juu ya kijazio, polepole, kama daktari anayetafuta mahali panapouma.

"Baba yako aliwahi kukuambia nani alikuwa anakalia kigoda hiki?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Hakukuambia. Alikuwa na aibu, mzee. Mimi ndiye mwanafunzi wake wa kwanza, kabla wewe hujazaliwa. Nilichonga muhuri mmoja usiokuwa na kibali, mmoja tu, akanifukuza mchana kweupe, watu wakitazama. Vidole niliviacha kwenye tanuru la watu wengine. Ningekuwa navyo, ningekuja kwako kufanya nini?" Akacheka kidogo. "Ndiye aliyenifundisha nta hii. Akanichapa rula nilipoisahau hesabu. Mara mbili inashika, ya tatu inapasuka. Haya, mwenzangu. Tumegonga mara ngapi?"

"Mbili," Fundi akanong'ona.

"Mbili. Na karatasi uliyonirudishia si yangu. Yangu niliikata kona. Na masijala yenye sebule!" Akatikisa kichwa kama mtu aliyesimuliwa kichekesho kizuri. "Damu ya mzee kabisa. Sasa utaing'oa nta hiyo, utatia lehemu, na utachonga juu ya lehemu mbele ya..."

"Hodi!"

Wote wawili wakageuza vichwa.

"Hodi humo ndani! Fundi! Tumekuja kuchukua mzigo wetu!"

Sauti kavu, ya puani. Ya dirisha namba tatu.

Damu ya Fundi ikasimama. Mama alikuwa ameelewa. Mama alikuwa amesema ameelewa. Kama angekuwa amekuja kwa hiari yake, angegonga mlango na kuita mwanangu. Bado anaigiza. Mtu haigizi mbele ya mlango wa mwanawe ila awe na watu nyuma yake.

"Bosi!" sauti ya kiume ikadakia, ikihema. "Tumempata! Alikuwa kituo cha polisi hapo kona, karibu aingie! Anauma huyu bibi!"

"Ningekuwa na meno yangu yote ungeona," ikasema ile sauti ya ofisi.

Bwana Glavu akasimama. Akatabasamu, safari hii hadi machoni.

"Kaa hapohapo. Dakika moja."

Akalisogeza pazia, akaenda kufungua. Muhuri akauacha mezani. Fomu akaiacha mezani, kando ya wino. Kwa nini aiogope? Nani amewahi kuona mtoto akigonga muhuri kwenye karatasi ya kifo cha mama yake mwenyewe?

Fundi akasikia komeo likivutwa.

Akachukua kalamu. Akatia saini. Saini ilikuwa yake kweli.

Akausukuma muhuri kwenye wino. Akainua mikono yote miwili. Nisamehe, mama. Akaugonga juu ya jina la mama kwa uzito wote wa mwili wake.

Krak.

Ilikuwa sauti ndogo, ya ganda la yai. Nta ikatoka vipande vipande juu ya meza. Akauinua muhuri, akaangalia.

Mviringo mweusi, mzima, kamba nyuzi sabini na mbili. Na katikati yake, kutoka ukingo hadi ukingo, juu ya majina matatu ya mama yake, mstari mweupe mnyoofu wa baba. Wino mbichi. Tarehe ya leo. Mwandiko wa Bwana Glavu mwenyewe. Muhuri uliouawa miaka kumi na moja iliyopita ulikuwa umetoa ushahidi dhidi ya mtu aliyeufufua, na hakimu yeyote mwenye macho mawili angeusoma.

Ilibaki kuufikisha kwa huyo hakimu.

Pazia likafunguka.

Bwana Glavu alikuwa amelishika kwa vidole vyake viwili. Nyuma yake, wanaume wawili wenye jasho walikuwa wamembana mama mikono, mmoja kila upande, kitambaa cha kichwa kimemteleza hadi shingoni, mkoba wake bado ameubana kwapani kama jalada la siri.

Mtu yule akaangalia vipande vya nta. Akaangalia karatasi. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Nipe hiyo karatasi," akasema, "uchukue mama yako. Hapa hapa, sasa hivi. Mtaondoka wawili."

Fundi akamtazama mama. Mama akamtazama Fundi, kisha karatasi, kisha ule mstari mweupe. Aliutambua. Fundi aliona macho yake yakiutambua, kama mtu aliyeuona mwandiko wa mumewe kwenye bahasha.

Ukitoa karatasi, nyumba ishirini zimekwenda, na mtu huyu hana sababu tena ya kukuacha hai wewe wala yeye. Usipotoa, je?

Akatamka neno la kwanza alilowahi kufundishwa.

"Shikamoo, mama."

Sauti ya ofisi ikatoweka. Iliyojibu ilikuwa ile ya nyumbani, ya chai nusu kikombe, ya kugombeza mlangoni.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Dirisha."

Na kwa meno aliyobakiwa nayo akauzamisha mdomo kwenye mkono wa yule jamaa wa kulia.

Mayowe! Kaunta ikapinduka, jamaa wa kushoto akaanguka na kibao cha TUMEFUNGA. Bwana Glavu akaruka mbele. Fundi akampindulia jiriwa miguuni, akaitia karatasi kifuani, akapanda meza ya baba yake juu ya patasi kumi na nne, akanyoosha mkono kwenye komeo la dirisha.

Halikuhitaji kuvutwa.

Kutoka upande wa uchochoroni, mkono mwingine ulikuwa umeshaanza kulifungua. Wa rafiki wa mama, au wa yule aliyeandikiwa ujumbe na Bwana Glavu?